Kwanza Niambie Kama Kizazi Unacho

Malindi

Kwa shoga yangu Bi Zaituni,

Assalamu alaikum. Barua yako imenifika. Joto la kaskazi huko Lamu latosha peke yake, sembuse ukiongezewa na la ndani linalopanda kifuani hadi usoni na kukuamsha umelowa shuka.

Umeuliza kama dawa za homoni za kutuliza dalili za kukoma hedhi zaleta saratani. Siwezi kukujibu sawasawa kabla hujaniambia jambo moja: kizazi bado unacho, au kilitolewa ulipofanyiwa upasuaji?

Nauliza kwa sababu estrojeni, homoni ya kike ambayo ndiyo hasa inayotuliza joto na jasho la usiku, hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi. Ukiachwa unenepe miaka bila kizuizi, waweza kuzaa saratani. Ndiyo maana mwenye kizazi huongezewa projesteroni, homoni inayozuia unene huo: miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa siku 12 za kila mwezi. Hiyo imezwe wakati wa kulala, maana yatia usingizi (wengi hushukuru). Aliyetolewa kizazi, estrojeni peke yake kwa kawaida yamtosha. Basi usikubali kugawiwa dawa ya jirani eti yeye imemfaa, wala usinunue vidonge vya kupanga uzazi ukadhani ni kitu kimoja. Vile huwa na homoni kali zaidi.

Hofu ya saratani ya matiti ilienea mwaka 2002, matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, yalipotoka. Kati ya wanawake 10,000 waliotumia homoni zote mbili, 38 kwa mwaka walipata saratani hiyo. Kwa wasiotumia walikuwa 30. Hatari ipo, sikufichi, na huzidi kadiri miaka ya kutumia inavyozidi. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Anayeanza kabla ya 60, au hajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikatike, na hana kizuizi cha kiafya, mara nyingi faida kwake huzidi hatari. Mifupa yake nayo hulindwa.

Vizuizi vya kutumia dawa hizi ni hivi: saratani ya matiti, damu iliyowahi kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi, ugonjwa wa moyo, ini linaloumwa, au damu ukeni isiyojulikana sababu. Presha ishushwe kwanza.

Kwa vile umesema uzito umepanda, uliza estrojeni ya plasta au jeli ya kupaka ngozini kabla ya vidonge. Vidonge hupitia kwenye ini na kuongeza hatari ya damu kuganda, ambayo uzito nao huizidisha. Ya ngozini, kwa kipimo cha kawaida, haionekani kuiongeza. Plasta nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, hubandikwa chini ya kitovu au matakoni, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe kavu, haina mafuta ya nazi. Ukijipaka kwanza itabanduka kabla ya adhuhuri. Na usiikatae baada ya wiki mbili ukisema haifanyi kazi. Ipe miezi mitatu, kisha kipimo kirekebishwe.

Matone ya damu ukeni miezi ya mwanzo ya kutumia dawa ni kawaida. Yakiendelea baada ya miezi sita, au yakiwa mengi, yachunguzwe. Na asiyetumia dawa yoyote, aliyemaliza miezi 12 bila hedhi, akiona hata tone moja asiambiwe hedhi imerudi. Aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Lile ulilolisema kwa kificho, ukavu na maumivu ya chumbani, pamoja na mkojo kuwasha kila mara, lina dawa yake: kidonge kidogo cha estrojeni cha mikrogramu 10 kinachotiwa ukeni, kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, hata projesteroni kwa kawaida haihitajiki. Wanawake wangapi wanameza antibiotiki mwezi baada ya mwezi, kumbe shida ni hii!

Ukienda kliniki, chukua tarehe ya hedhi ya mwisho, majina ya dawa unazomeza, na habari ya saratani upande wa mama na wa baba. Umri wako umepita 45, kwa hiyo usilipie kipimo cha homoni ili kuthibitisha kwamba hedhi inakoma, dalili zatosha.

Nijibu hilo la kizazi. Wasalimie nyumbani.

Shoga yako