Umeletewa cheti cha frizoni ya Dubai? Kabla hujatuma hela pitia hapa kwanza

Jumatatu asubuhi, hata chai hatujanywa, kaka mmoja wa spea za matrekta kapanda ngazi kaja na karatasi imeprintiwa rangi safi kabisa, ina nembo, ina QR, jina la kampuni linaishia na FZE, yaani kampuni ya frizoni, akaiweka mezani akasema dada nisaidie kitu kimoja tu, huyu saplaya wangu si amesajiliwa Dubai, kwahiyo niko salama eeh? Nikamuuliza umeshatuma hela? Akanyamaza kidogo. Asilimia 30, akasema.

Hilo swali la "si amesajiliwa" tunaulizwa sana hapa ofisini kwetu, kazi yetu kuchunguza makampuni ya nje, na watu wa spea, wa matairi, wa simu, wa mawe ya vito, halafu wapo na watu wa utalii wanaotaka wao wenyewe kufungua kampuni huko wakisikia hamna kodi. Nimeona niandike mara moja, kuanzia leo mtu akiuliza namtumia hii asome akiwa kwenye daladala.

Frizoni, yaani eneo huru la biashara, ni kipande cha nchi ambacho kimewekewa sheria zake za forodha na mara nyingi za kodi pia, mzigo unaingia humo haujahesabiwa kama umeingia nchini, unaweza kukaa, kupakiwa upya, kubadilishwa maboksi, ukatoka kwenda nchi nyingine bila kulipiwa ushuru pale. Jebel Ali ya Dubai ilianza 1985, na sasa hivi Falme za Kiarabu peke yake wana frizoni zaidi ya 40. Na hapa ndo watu wengi hawajui, kila moja ina mamlaka yake, inatoa leseni zake, ina daftari lake la makampuni na ina bei zake, na zinashindana kutafuta wateja! Zipo ambazo unafungua kampuni ukiwa hapahapa Njiro, Arusha, unatuma kopi ya pasi na picha, unalipia, baada ya siku kadhaa cheti kipo kwenye imeili, na ofisi yako ni meza ya kushea na watu wengine ambayo hujawahi kuikalia hata siku moja. Sio kosa, inaruhusiwa kabisa. Ila sasa jiulize hicho cheti kinakuambia nini kuhusu mtu unayetaka kumtumia dola elfu ishirini.

Kinakuambia kampuni ipo. Basi. Hakuna mtu aliyekagua stoo yake, hakuna aliyehesabu matrekta. Forodha wanaangalia mzigo unapoingia na kutoka getini, msajili anaangalia karatasi na ada ya mwaka, benki inaangalia hela inakotoka, kila mtu na kipande chake, na katikati ya vipande hivyo ndo wajanja wanapopitia. Hili sio maneno yangu ya kijiweni, FATF, wale wanaosimamia mambo ya utakatishaji fedha duniani, waliandika ripoti nzima ya udhaifu wa frizoni mwaka 2010, na OECD, ule umoja wa nchi tajiri wa mambo ya uchumi, nao 2019 wakatoa mapendekezo yao kuhusu magendo na bidhaa feki zinazopitia humo. Falme za Kiarabu wenyewe waliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Machi 2022 wakatoka Februari 2024, na tusijifanye wasafi sana maana sisi Tanzania tuliingia Oktoba 2022 tukatoka Juni 2025. Kule Falme za Kiarabu sheria zimekazwa, kampuni za frizoni kuanzia 2020 zinatakiwa kumtaja mmiliki halisi, yule mwenye asilimia 25 au zaidi au anayeendesha kwa nyuma. Lakini hiyo taarifa inabaki kwa mamlaka, wewe mnunuzi wa Arusha hupewi. Ukitaka kumjua inabidi saplaya akupe mwenyewe, na akigoma unajua cha kufanya.

Turudi kwa kaka yetu. Tukakaa naye, tukafungua daftari la taifa la leseni la Falme za Kiarabu, lipo mtandaoni na ni bure, halafu tukaangalia na tovuti ya mamlaka ya hiyo frizoni. Leseni ni hai, haijaisha muda, jina ndo lenyewe. Kaka akashusha pumzi. Nikamwambia subiri, soma huu mstari wa shughuli. Pameandikwa ushauri wa biashara. Spea hamna. Matrekta hamna. Yaani kampuni ina leseni ya kutoa ushauri, na inamuuzia gia boksi.

Huo mstari wa shughuli watu wanauruka kila siku, wanaangalia muhuri. Na ukisikia kampuni ya frizoni inachukua hela za watu iwachezee foreksi huku leseni yake ni ya biashara ya jumla, ni ugonjwa uleule. Kule mambo ya fedha yana wasimamizi wake, frizoni ya fedha ya Dubai, DIFC, wana DFSA, ya Abu Dhabi, ADGM, wapo FSRA, na nje ya hapo yupo benki kuu na mamlaka ya masoko ya mitaji, leseni ya kuuza viatu haiwezi kuwa leseni ya kutunza hela za watu.

Tukawaandikia mamlaka ya frizoni, wakajibu vizuri tu kwa heshima zote, kwamba leseni ni halali na mgogoro wowote wa malipo ni wa kibiashara upelekwe mahakamani. Mahakama ya Dubai. Ukiwa Arusha. Kwa dola elfu sita, ile asilimia 30 yake! Hapo hesabu unapiga mwenyewe.

Kwahiyo sisi huwa tunamwambia mteja aombe vitu ambavyo mtu wa meza ya kushea hana. Mkataba wa pango la stoo. Akaunti ya benki yenye jina lilelile la kwenye leseni, herufi kwa herufi, sio ya "partna" aliyepo nchi nyingine. Na bidhaa nyingi zinazokuja huku zinatakiwa kukaguliwa kabla ya kupakiwa kwenye ule utaratibu wa shirika la viwango, TBS, unaoitwa PVoC, basi fungamanisha malipo na huo ukaguzi, mkaguzi akishauona mzigo na cheti kikatoka ndo sehemu kubwa ya hela iende. Mzigo mkubwa nenda na LC ya benki, benki inamlipa saplaya akishaleta nyaraka mlizokubaliana, najua ina gharama, najua inachosha.

Sasa nyie mnaotaka kufungua ya kwenu huko. Sikatazi, tumeshawasaidia watu na wanafanya biashara nzuri. Ila lile la "hamna kodi" tuliongee taratibu. Kwanza kule kwenyewe kuanzia Juni 2023 kuna kodi ya kampuni ya asilimia 9, ukiwa frizoni unaweza kupata sifuri kwa mapato yanayokidhi masharti, lakini kujisajili na kupeleka ritani lazima. Pili, na hii ndo inawashtua watu, Sheria ya Kodi ya Mapato yetu ya 2004 inasema kampuni ni mkazi wa Tanzania ikiwa imesajiliwa hapa AU ikiwa usimamizi na maamuzi yake yanafanyika hapa. Sasa kampuni iko Dubai, mkurugenzi ni wewe, unasaini kila kitu ukiwa Sakina, TRA wakikuuliza maamuzi yanafanyikia wapi utajibu nini? Mkazi anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima, asilimia 30. Na ile janja ya kampuni yako ya hapa kuilipa kampuni yako ya kule "ada ya huduma", kuna kodi ya zuio, inayokatwa kwenye malipo yenyewe, asilimia 15 unapomlipa asiye mkazi.

Kuna wanaosema basi tufanye EPZ ya hapahapa nyumbani, yaani eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje. Sawa, lakini jueni EPZA iliyosimamia maeneo hayo na TIC, kituo cha uwekezaji, zimeunganishwa, kuanzia Julai 2025 mnakwenda mamlaka mpya, TISEZA, na kampuni inaanza kwanza kusajiliwa BRELA, kwa msajili wa makampuni, kama kampuni nyingine yoyote, na wamiliki halisi mnawataja. Ule mfumo wa EPZ wa 2002 ulikuwa wa kuuza nje angalau asilimia 80, mkapewa miaka 10 bila kodi ya kampuni, na ukiuza humu ndani mzigo unalipiwa kama umetoka nje. Kwa duka la jumla pale soko la Kilombero hiyo sio yako kabisa, usipoteze nauli.

Na kwa watu wa mpakani Namanga: nguo ikitoka kiwanda cha EPZ cha Athi River, Kenya, usidhani inapita sifuri kwasababu ni ya Afrika Mashariki. Kwa kanuni za umoja wa forodha wa Afrika Mashariki mzigo wa EPZ ukiuzwa ndani ya jumuiya unalipa ushuru kamili. Mama mmoja alikuja hapa na belo zake zimekwama, kaja kulia, na wakala aliyemdanganya hapokei simu.

Huduma yetu ya kuchunguza kampuni ya nje inachukua siku mbili tatu, leta leseni, invoisi na meseji zote mlizochati, usifute kitu, hata zile za kuitana "my brother" leta. Kama hela hujatuma, bei ni ndogo. Kama umeshatuma tutakusaidia lakini hatuahidi kwamba hela itarudi.

Yule kaka wa matrekta, asilimia 70 bado anayo. Saplaya anampigia kila jioni kumuuliza lini, yeye anamwambia nitumie video ya stoo, ni wiki ya pili sasa na video haijaja.