Kura za kumwondoa kiongozi zinatoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Kila nchi jirani inapomwondoa kiongozi wake bungeni, au inapojaribu na kushindwa, vijiwe vyetu kuanzia Mwanjelwa hapa Mbeya hadi Ipogolo kule Iringa hugawanyika. Wapo wanaosema kumng'oa kiongozi ni kulipasua taifa, na wapo wanaosema hiyo ndiyo dawa ya kulisafisha. Wote hubishana bila kufungua Katiba, na wote huliacha swali ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua: kura za kumwondoa zimetoka wapi? Zikitoka kwa mahasimu wake peke yao, chuki inaongezeka. Zikitoka pia kwa waliomweka madarakani, na yeye akiwa amesikilizwa mpaka mwisho, watu hupoa mapema zaidi.

Korea Kusini inafaa kuangaliwa kwa sababu imefanya jambo hili mara tatu kwa utaratibu uleule: Bunge linashtaki kwa theluthi mbili, Mahakama ya Katiba inaamua. Mwaka 2004 Rais Roh Moo-hyun alishtakiwa mwezi Machi. Wananchi walikasirika, chama kilichomuunga mkono kikapata wingi wa viti katika uchaguzi wa Aprili, na Mei mahakama ikamrudisha ofisini. Desemba 2016 ikawa zamu ya Park Geun-hye, kwa kura 234 dhidi ya 56. Wapinzani na wabunge huru hawakuzidi 172, kwa hiyo takriban wabunge 60 wa chama chake mwenyewe walimkataa, karibu nusu ya wabunge wote wa chama hicho. Desemba 2024 Yoon Suk Yeol alishtakiwa kwa kutangaza utawala wa kijeshi. Kura zilikuwa 204, na upinzani ulikuwa na viti 192. Wa kwake waliomkataa walikuwa 12 tu kati ya 108.

Majaji waliwaondoa wote wawili kwa kauli moja, 8 kwa 0. Lakini nchi haikupokea mambo hayo mawili kwa namna moja. Siku Park alipoondolewa kulikuwa na ghasia na watu walikufa, hilo lisifichwe. Hata hivyo chama chake kilikuwa kimekwisha kugawanyika chenyewe, na hapakuwa na jeshi kubwa la wanasiasa la kuwaambia wafuasi kwamba hukumu ni njama. Wakati wa Yoon, Januari 2025, wafuasi wake walivamia jengo la mahakama jijini Seoul kabla hata ya hukumu. Sheria ni ileile na hesabu ya majaji ni ileile. Ninachokiona kimebadilika ni idadi ya watu wa upande wake waliokuwa tayari kusema "hapana".

Sasa turudi kwetu. Ibara ya 46A ya Katiba yetu, inayohusu Bunge kumshtaki Rais, iliyoingizwa mwaka 1992 wakati wa kurejesha vyama vingi, imeweka hatua ambazo wengi hawazijui. Chukua mfano wa Bunge la wabunge 390 ili hesabu iwe rahisi. Taarifa ya maandishi lazima isainiwe na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, yaani 78, na ifike kwa Spika siku 30 kabla ya kikao. Lazima ieleze kosa: kuvunja Katiba au Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, kukiuka maadili yanayohusu uandikishaji wa vyama vya siasa, au mwenendo unaodhalilisha kiti cha Rais. Na lazima ipendekeze iundwe Kamati Maalumu ya Uchunguzi. Spika akiridhika, wabunge wanapiga kura ya kuunda kamati bila mjadala wowote. Zinatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 260. Angalia neno "wote". Mbunge aliyelazwa hospitali, aliye safarini au aliyekaa kantini anahesabika sawa na aliyepiga kura ya kukataa.

Kamati ikishaundwa, Rais anahesabiwa kuwa hayupo kazini na Makamu wa Rais anashika shughuli. Hapa ndipo kasoro ya kwanza ilipo. Rais anawekwa kando kabla ushahidi haujasikilizwa, kwa kura isiyo na mjadala, na anayeshika nafasi yake ndiye atakayemalizia kipindi chote kilichobaki endapo mashtaka yatathibitika. Simtuhumu Makamu yeyote. Ila aliyeandika utaratibu huo amempa mtu mmoja sababu nzuri ya kutaka mwenzake atiwe hatiani.

Kamati inaongozwa na Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Muungano, na Jaji Mkuu wa Zanzibar ni mjumbe. Wengine saba wanateuliwa na Spika kwa kuzingatia uwiano wa vyama bungeni. Ndani ya siku saba ianze kukaa, na ndani ya siku 90 itoe taarifa. Rais anapewa nafasi ya kujitetea mbele ya kamati, kisha tena bungeni. Baada ya hapo zinatakiwa tena kura 260 kusema mashtaka yamethibitika. Yakithibitika, anatakiwa kujiuzulu kabla ya siku tatu kupita, anapoteza pensheni na mafao, na kinga dhidi ya mashtaka ya mahakamani inaondoka. Hakuna uchaguzi mpya. Makamu anaapishwa, na chama kilekile kinaendelea kutawala.

Hilo la mwisho ni zuri kuliko linavyoonekana. Chama tawala hakipotezi dola kwa kumkataa Rais wake, kwa hiyo kwenye karatasi wabunge wake wana uhuru wa kumpima kwa makosa yake. Kwa nini basi hakuna anayetegemea hilo litokee? Jibu liko ibara ya 71(1)(e). Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, amekoma kuwa mbunge. Chama kikimfukuza leo asubuhi, jioni hana jimbo. Mgombea binafsi hatuna. Mwenyekiti wa chama tawala kwa desturi ndiye Rais mwenyewe. Kwa lugha nyepesi, mshtakiwa anaongoza vikao vinavyoweza kumvua hakimu joho kabla hajasoma hukumu.

Ibara mbili hizi zikisomwa pamoja, zinaua kura ileile ambayo Korea ilionyesha kuwa ndiyo inayoponya. Kwa viti ulivyonavyo sasa, upinzani hauwezi kufikisha asilimia 20 bila kupata watu wa chama tawala, na watu wa chama tawala hawawezi kusaini bila kuhatarisha ubunge.

Hata hivyo wamewahi kupatikana wa kuthubutu, na mmoja alitoka huku kwetu. Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanika ubadhirifu, Zitto Kabwe alianza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Hiyo ni ibara ya 53A, ambayo ni nyepesi kidogo: saini asilimia 20, taarifa siku 14 kabla, na kura zaidi ya nusu ya wabunge wote. Saini zilipita 70, na kati ya waliosaini alikuwamo Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kwa tiketi ya CCM. Aliyekuwa kwenye kiti cha Spika ni Anne Makinda wa Njombe Kusini. Hoja haikufika kwenye kura, kwa sababu siku 14 zilikuwa hazitoshi kabla mkutano wa Bunge haujafungwa. Lakini Mei 4 Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri na sita wakaachwa. Sina shaka kwamba saini chache za wabunge wa chama chake ndizo zilizofanya kazi hiyo. Za upinzani peke yake zingeitwa kelele.

Wanaotaka kujua wapi palipobaki kidonda waitazame Februari 2008. Kamati Teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, CCM akiichunguza serikali ya CCM, na ndani yake alikuwamo mjumbe wa upinzani. Kwa kipimo changu cha kwanza, ilikuwa na kila sifa. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 7 pamoja na mawaziri wawili, na nchi haikutikisika. Ila wakati wa kutangaza kujiuzulu alilalamika bungeni kwamba kamati haikumwita kumhoji. Sizungumzii kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Nazungumzia utaratibu: malalamiko hayo yalimpa yeye na wafuasi wake la kusema kwa miaka saba, na Julai 2015 alihamia CHADEMA na kugombea urais akapata karibu asilimia 40 ya kura. Kumhoji kungechukua siku chache tu.

Wakenya nao wamelipa gharama hiyo. Wao wana mabunge mawili: la kwanza linashtaki kwa theluthi mbili, Seneti inasikiliza na kuamua kwa theluthi mbili yake. Oktoba 8, 2024 wabunge 281 walimshtaki Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa makosa 11. Kura zilitoka pande zote, pamoja na wabunge wa muungano wake, kwa hiyo hapo hapakuwa na upungufu. Tatizo lilikuja Oktoba 17. Mchana aliopangiwa kujitetea alikuwa amelazwa hospitali. Maseneta walikataa kuahirisha hadi Jumamosi, wakaendelea bila yeye na kuthibitisha makosa matano usiku uleule. Muda uliowekwa ulikuwa unakwisha, nalielewa hilo. Lakini kwa watu wengi wa Mlima Kenya kilichobaki kichwani ni kwamba mtu wao alihukumiwa akiwa kitandani, na Gachagua sasa ana chama chake na hadhira iliyo tayari.

Na ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, walionja upande wa kisasi. Bingu wa Mutharika alikihama chama cha UDF kilichompa urais, mwezi Februari 2005. UDF ikaleta mpango wa kumshtaki. Mwezi Juni, katikati ya mabishano makali kuhusu utaratibu huo, Spika Rodwell Munyenyembe alianguka ukumbini na baada ya siku chache akafariki. Mwishowe hoja iliondolewa bila Mutharika kung'olewa, na mwaka 2009 Mutharika alishinda tena kwa zaidi ya asilimia 60. Kila mtu aliona kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kuhama chama.

Tusidhani haya ni ya Dodoma na miji mikuu ya watu. Halmashauri zetu zinafanya jambo hilohilo kwa mameya na wenyeviti, na huko akidi ndiyo chanzo cha magomvi. Mwaka 2020 Iringa iliondoa Meya wake, Alex Kimbe wa CHADEMA, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, na Dar es Salaam ilimwondoa Isaya Mwita wa chama hichohicho. Hii ya Dar es Salaam iliacha ubishi juu ya karatasi ya mahudhurio: nani hasa alikuwa ukumbini na nani alisainiwa tu. Kilikuwa pia kipindi cha madiwani wengi kuhama upinzani kwenda CCM, na mtu asichanganye kuhama na kile ninachokisifia. Anayehama ameongeza idadi ya upande wa pili. Anayebaki kwenye chama chake na bado akapiga kura dhidi ya kiongozi wake ndiye anayewafanya majirani zake waamini kwamba kosa lilikuwepo. Diwani anayeletewa karatasi ya kusaini aombe kwanza tuhuma zilizoandikwa moja moja, zenye tarehe na namba za nyaraka, na ahakikishe mtuhumiwa amezipata na kupewa muda wa kujibu kabla ya kikao. Tuhuma ya "hana ushirikiano na madiwani" haitoshi, na ndiyo hupatikana mara nyingi.

Ninapendekeza mambo matatu. Ibara ya 71 iongezewe kifungu kwamba mbunge hatapoteza kiti kwa kusaini au kupiga kura kwenye hoja ya ibara ya 46A au 53A, hata chama kikimfukuza, mpaka Bunge livunjwe. Wapo watakaosema kura ya siri inatosha. Kura ya siri inamlinda mbunge lakini inamnyima mwananchi kujua aliyemtuma amefanya nini, na kwenye jambo hili mwananchi lazima ajue. Pili, kura ya kuunda kamati iwe na mjadala, au Rais aendelee na kazi mpaka kamati itoe taarifa. Angalau moja kati ya hayo mawili lazima liwepo. Tatu, wajumbe saba wa kamati wagawanywe sawa kati ya chama tawala na vyama vingine, na wa saba awe jaji mstaafu. Kwa uwiano wa sasa, chama chenye asilimia 90 ya viti kinapata wajumbe sita kati ya saba, na majaji wakuu wawili wanabaki kupamba meza.

Marekebisho ya Katiba yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wote chini ya ibara ya 98, idadi ileile ya kumwondoa Rais. Yafanyike sasa, wakati hakuna hoja mezani na hakuna anayeweza kusema yameandikwa kwa ajili yake.

Msomaji wako,
Soko Matola, Mbeya