Dua ya kutoka chooni

Mhariri,

Mi msomaji wenu wa siku nyingi, mtu wa Pemba, kwa sasa niko Brooklyn huku Marekani nahudumia wazee majumbani. Nimeona barua ya mwenzetu anasema dini ya Kiyahudi ni makatazo matupu, usile hiki usiguse kile, ati sheria zaidi ya 600. Kwa hesabu yao wenyewe ni 613, hapo kapatia. Lakini mi nimefanya kazi nyumba ya Kiyahudi miaka mitatu na kilichonigusa wala si makatazo, ni choo.

Ndio, choo. Mzee niliyekuwa nae alikuwa na miaka 80 na kitu, kumfikisha msalani ilikuwa safari, mkono mmoja fimbo, mwengine kanishika bega. Akimaliza namnawisha, halafu hapo nje ya mlango anasimama ananong'ona kama nusu dakika hivi, siku ya kwanza nikadhani nimekosea kitu ananisema. Kumbe ukutani pana karatasi ya dua, inaitwa Asher Yatzar. Nikamuuliza, mzee hii maana yake nini, akanifasiria polepole: ahimidiwe aliyemuumba mtu kwa hekima akamtia matundu na mianya, na inajulikana mbele ya kiti chake cha enzi kwamba kimoja kikiziba au kimoja kikipasuka mtu hawezi kusimama hata saa moja. Mwisho anamsifu Mungu anayeponya kila chenye mwili na kutenda maajabu.

Wallahi nilicheka kimoyomoyo, halafu nikanyamaza maana nilimkumbuka baba. Baba aliumwa tezi dume, usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa, tumbo limejaa kama ngoma, mtu mzima analia mpaka asubuhi tukampeleka akatiwa mpira, na ule mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko akasema Alhamdulillah ambayo sijasikia nyengine mfano wake. Sasa huyu mzee alikuwa anaisema hiyohiyo kila siku mara tano mara sita, na mkojo haujamgomea hata siku moja. Na si kwamba sisi Waislamu hatuna, ukitoka chooni unasema Ghufranaka, yaani Mola naomba msamaha wako, nilifundishwa chuoni, madrasa, nikiwa mdogo na nikaiacha hukohuko chuoni.

Aliniambia wao mtu anatakiwa afikishe baraka 100 kwa siku, ya mkate, ya tunda, ya radi, ya upinde wa mvua, hata ya kufumbua macho tu asubuhi. Nikamwambia mzee 100 si nyingi hizo? Akanijibu ukinywa maji ya kutosha unazifikisha.

Kingine karafuu. Jumamosi usiku nyota tatu zikishaonekana ndio Sabato inatoka, basi wanawasha mshumaa uliosukwa wenye tambi kadhaa, kikombe cha divai kimejazwa mpaka kinamwagika, na kinapitishwa kikebe cha fedha kila mtu anusa. Nilipoletewa mimi nikanusa, nikashtuka, karafuu! Mi mtoto wa shamba nimekesha nachambua karafuu, makonyo huku karafuu huku, mpaka vidole vinanuka siku tatu, leo naletewa puani Brooklyn. Wanasema siku ya Sabato mtu hupewa roho ya ziada, ikishaondoka anabaki mnyonge kidogo, ndio ananusishwa kitu cha kumliwaza. Kwetu karafuu ilikuwa gunia, mizani na bei, na ugomvi wa bei. Sikumbuki mtu yeyote kukaa akainusa tu.

Mwenzetu yule makatazo yapo kweli, simkatalii, Ijumaa kabla jua halijazama simu zinazimwa na taa zimeshategeshwa zijiwashe zenyewe, na mi mwanzo nilikuwa naona kero. Nikazoea. Kuna utulivu fulani mezani ambao sijui niuelezeje.

Mzee alifariki mwaka jana. Sasa niko kwa bibi mmoja, si Myahudi huyu, juzi natoka msalani nimesimama mlangoni nasema Ghufranaka, akaniuliza kutoka sebuleni we unaongea na nani huko?

Mpemba wa Brooklyn