Angalia ampea ya chini kabla ya ampea ya juu

Fundi mmoja kutoka Tukuyu alifika karakana kwetu Mwanjelwa na keni ya maziwa ya stenlesi mkononi, na mashine mpya ya kuchomelea ya TIG (moto wa umeme hutoka kwenye ncha ya tangsteni huku gesi ikiufunika) ikiwa bado ndani ya boksi lake. Keni ilikuwa imetoboka sehemu nne kandokando ya mshono, na mshono wenyewe ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni. "Kaka, nilichukua ya ampea 250 ili isinisumbue," akatuambia.

Tukaiwasha. Tulipoishusha mpaka mwisho, kioo kilisoma 20, lakini moto uliruka na kuzimika. Ulianza kutulia ilipofika 40. Shiti ya keni ile ina unene wa milimita 0.8, na hapo ampea 25 hadi 30 zinatosha kabisa. Kwa hiyo alilipia ampea 250 ambazo hatazitumia, akakosa zile 30 alizozihitaji kila siku.

Kosa hili tunaliona mara nyingi na linatuumiza, maana pesa ya fundi ni ya jasho. Kwa makadirio, kila milimita moja ya stenlesi inataka ampea 30 hadi 40. Hesabu kazi zinazopatikana huku kwetu: keni na matangi madogo ya maziwa, sinki, meza za jiko la hoteli, reli za ngazi za paipu ya milimita 1.2 au 1.5. Nyingi haziifikishi mashine ampea 80. Ukiwa dukani, swali la kwanza liwe hili: moto unatulia kuanzia ampea ngapi? Mashine nzuri inashuka hadi 10, hata 5, bila kutetemeka.

Stenlesi ina tabia yake. Inapitisha joto kwa kiasi cha theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, na ikipata moto inatanuka zaidi yake kwa karibu nusu. Joto linakaa palepale ulipochoma, shiti inapinda, kisha inatoboka. Rangi ya mshono itakuonyesha ulivyofanya kazi. Ukiwa wa dhahabu, umepatia. Bluu iliyokolea maana yake joto limeanza kuzidi. Ukiwa wa kijivu au mweusi, kromiamu inayozuia kutu imeungua pale juu, na usipousafisha vizuri kutu itaanzia hapohapo. Mteja atarudi akisema umemuuzia stenlesi feki, kumbe shiti ilikuwa halali.

Jambo la pili ni namna moto unavyoanza. Mashine za bei ya chini kabisa zinataka ukwaruze tangsteni, ile sindano ya chuma kigumu inayotoa moto, kwenye shiti kama njiti ya kiberiti. Kwenye shiti nyembamba kila mkwaruzo unaacha alama, na ncha ya tangsteni inachafuka. Zilizoandikwa LIFT ni afadhali: unagusa, unainua. Zilizoandikwa HF zinarusha cheche bila kugusa kabisa, na kwa kazi ya milimita 1 sisi tunashauri uongeze pesa ufike hapo. Hii ndiyo nyongeza ya bei tunayoitetea kuliko zote.

Angalia pia mwisho wa mshono. Mashine iwe na uwezo wa kushusha ampea polepole unapoachia swichi, la sivyo inabaki shimo dogo linaloweza kupasuka. Na gesi iendelee kutoka sekunde 5 au zaidi baada ya moto kuzimika, ili mshono na tangsteni vipoe vikiwa vimefunikwa. Kama ina tundu la kuchomeka pedali ya mguu, bora zaidi kwa kazi za mezani.

Mashine za AC/DC, zenye aina mbili za umeme, je? Ile AC ni ya aluminiamu. Kama huchomelei aluminiamu, DC peke yake inatosha, na pesa inayobaki nunua agoni (gesi ya kufunika mshono), regyuleta nzuri na tangsteni za milimita 1.6. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa mgandamizo wa bar 150 unatoa karibu lita 7,500 za gesi. Ukitumia lita 8 kwa dakika, ni zaidi ya saa 15 za moto kuwaka. Iwe agoni tupu. Iliyochanganywa na kaboni dioksidi inaila tangsteni ndani ya dakika chache. Na upepo wa huku Mbeya mnaujua wenyewe. Ukichomelea nje, kinga kwa turubai, maana upepo ukiipeperusha gesi hata mashine ya bei mbaya itatoa mshono mweusi.

Umeme usikutishe. Kwa ampea 50, moto wa TIG unakula takriban wati 600, na ukijumlisha upotevu wa mashine bado uko kwenye kilowati moja hivi. Umeme wa Luku wa nyumbani unabeba. Kinachoharibu ni waya mrefu mwembamba wa kuvutia umeme kutoka kwa jirani.

Kwetu hatuuzi mashine ndani ya boksi. Njoo na kipande cha shiti unayoifanyia kazi. Tutaichomelea mbele yako, kisha ushike tochi ya kuchomelea wewe mwenyewe kabla hujalipa.

Yule wa Tukuyu tulimnolea tangsteni iwe na ncha ndefu, tukabana kipande cha shaba nyuma ya mshono kinyonye joto, tukaziba matundu ya keni kwa mashine yetu kwa ampea 28, na waya wa kujazia stenlesi wa aina ya 308L. Mashine yake anaitumia kwenye mageti, ambako inafanya kazi vizuri, huku akikusanya pesa ya ndogo yenye HF.