Barua ya wazi kwa vijana wanaokwenda Springfield na mambo 14

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, na karatasi mliyoniletea Jumapili nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Maombi 14. Mnataka kuyafikisha yote kwa wabunge wa jimbo letu la Illinois, huko Springfield kwenye makao makuu, kwa siku moja, kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, kisha mrudi. Nilicheka kidogo, msinichukie. Nami niliwahi kwenda vivyo hivyo miaka ya nyuma, tukiwa watu wa Kigoma, Mombasa na Uvira ndani ya basi moja, na orodha ndefu kuliko yenu. Msaidizi wa mbunge mmoja, ambaye simtaji, alitupokea vizuri sana. Akatugawia maji ya chupa, akaandika kila tulichosema, tukapiga picha kwenye ngazi. Mpaka leo hatujasikia neno.

Nilinuna nusu mwaka. Lakini dereva wa basi la shule ana saa nyingi za kungoja kati ya zamu ya asubuhi na ya mchana, na katika kungoja huko nikaanza kusoma habari za bunge hili la Illinois lilivyokuwa zamani, kabla halijahamia Springfield. Huko ndiko nilikoliona kosa letu. Nivumilieni niwapitishe Vandalia kwanza.

Vandalia ni mji mdogo; ukitoka Effingham kwenda St. Louis unaupita bila kujua. Ndio uliokuwa makao makuu ya jimbo tangu 1820 hadi 1839. Desemba 1834 walikusanyika pale wajumbe 55 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 26, katika jengo la matofali lenye umri wa miaka kumi tu, lakini kuta zimeshatoka tumbo na lipu inawadondokea vichwani mtu akiwa katikati ya hotuba. Walikaa watatu watatu kwenye meza moja, kalamu za unyoya mkononi. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye ndoo, na vikombe vya bati ni vya kupokezana. Kikao kikiingia usiku waliwasha mishumaa. Posho ilikuwa dola 3 kwa siku.

Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 25 kutoka kijiji cha New Salem, jina lake Abraham Lincoln, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Hakuwa na nguo ya kuingilia bungeni, akakopa dola 200 kwa jirani, na 60 kati ya hizo akashonea suti. Kwetu tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini yeye aliazima fedha, si nguo, labda ndiyo maana ilimsitiri.

Sasa niulizeni walizungumza nini. Mimi nilipoanza kusoma nilitarajia hotuba za uhuru na haki. Nikakuta barabara. Barabara itoke hapa, ipite kwenye shamba la fulani, ifike kwa fulani. Nikakuta mtu anaomba kubadili jina. Nikakuta mke na mume wanaomba talaka, maana siku hizo bunge lenyewe liliweza kuvunja ndoa kwa kutunga sheria ya watu wawili tu, nayo ikasomwa kama sheria nyingine yoyote. Mpaka wa wilaya usogezwe. Ng'ombe aliyepotea akionekana, aliyemwona afanye nini. Siku baada ya siku, majira ya baridi mazima, kazi ilikuwa hiyo.

Muswada wa kwanza alioutolea taarifa Lincoln ulikuwa wa kupunguza mamlaka ya mahakimu wadogo wa vijijini. Ulikufa. Akajaribu kubadili kanuni ili muswada ukishasomwa mara ya tatu usiongezewe marekebisho, wenzake wakamkatalia. Uliopita ni upi? Ni ule wa kumruhusu bwana mmoja, Samuel Musick, ajenge daraja la kulipia juu ya kijito cha Salt Creek. Mtu mmoja, kijito kimoja, daraja moja. Likumbukeni daraja hilo, nitalirudia.

Kuna siku waliteua mpima ardhi mpya wa wilaya ya Schuyler, kisha ikabainika kwamba wa zamani hajafa wala hajajiuzulu. Bunge zima likawa limejifunga. Lincoln akasimama akasema waache mambo yalivyo: huyo mpya hawezi kumtoa wa zamani maadamu wa zamani anashikilia kutokufa, na siku atakapoamua kufa, mrithi wake atakuwa tayari. Wakaendelea na mengine.

Msidhani udogo wa mambo ulimaanisha wepesi. Katiba ya jimbo ya 1818 ilitaka kila muswada usomwe siku tatu tofauti katika kila baraza, isipokuwa robo tatu ya wajumbe wakubali kuharakisha. Ukivuka huko, unapelekwa mbele ya baraza la ukaguzi, yaani gavana na majaji wa Mahakama Kuu wameketi pamoja, nao waliweza kuurudisha na sababu zao. Na bunge halikutunga sheria tu, liligawa pia vyeo. Februari 1835 kijana mwingine, Stephen Douglas, miaka 21, aliupata uendesha mashtaka wa serikali kwa kura za wabunge 38 dhidi ya 34. Kura nne! Aliyeshindwa alikuwa John Hardin, mtu aliyejulikana kuliko yeye. Fikirini ni watu wangapi Douglas aliwashika mkono mmoja mmoja kwenye nyumba za wageni za Vandalia ili apate nne hizo.

Hapo ndipo penye siri ya bunge, wanangu. Kule ukumbini watu husoma kura. Kura zenyewe hupikwa jioni, mtu na mtu, kwa nipe nikupe.

Mwaka 1837 wilaya ya Sangamon ilikuwa na wabunge saba na maseneta wawili, wote warefu, wakaitwa Tisa Warefu. Walitaka jambo moja tu: makao makuu yahamie Springfield. Kila mwenye barabara yake, reli yake au mfereji wake alipokuja kuomba kura, walijua la kumwambia. Februari 28 kura zikapigwa, na katika raundi ya nne Springfield ikapata 73, Vandalia 16. Usiku ule wakawafanyia wenzao karamu, na hesabu yake ipo: chupa 81 za shampeni, chaza, lozi, zabibu kavu, sigara, na dola 2 za vyombo vilivyovunjwa. Jumla dola 223 na senti 50, akalipa Ninian Edwards, mmoja wa hao tisa. Mkono mtupu haulambwi, lakini mimi nilipoiona ile bili niliwaza mtu wa posho ya dola 3 angefanya kazi siku ngapi kuilipa.

Sitaki mwuone huo kuwa mfano mtupu wa ujanja mzuri. Siku hizo hizo bunge hilo lilipitisha mpango wa reli na mito wa zaidi ya dola milioni 10, katika jimbo ambalo watu hawajafika nusu milioni. Baraza la ukaguzi lilipinga. Wabunge wakaupitisha hivyo hivyo. Wilaya zisizopata reli wala mfereji zikatengewa dola 200,000 wagawane, ili nazo zinyamaze. Kila mtu alipata chake kwenye karatasi. Reli iliyokamilika ni kipande kutoka Meredosia hadi Springfield, kilichogharimu karibu dola milioni moja, na mwaka 1847 kikauzwa kwa dola 21,100. Deni lililobaki waliendelea kulilipa wajukuu, hadi miaka ya 1880. Lincoln aliupigia kura mpango huo, tena kwa bidii.

Na kuna la kuuma zaidi, nalo linatuhusu sisi wenye ngozi hii. Bunge lilelile lililokaa kumfikiria Musick na daraja lake, Januari 1837 lilipitisha azimio la kuwalaani waliotaka utumwa ukomeshwe na kuthibitisha haki ya majimbo ya kusini kumiliki watu. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 77 kwa 6. Lincoln alikuwa mmoja wa wale sita. Baadaye yeye na mwenzake mmoja, Dan Stone, wakaandika pingamizi likaingizwa kwenye kumbukumbu, wakisema utumwa umejengwa juu ya dhuluma na siasa mbovu, ingawa papo hapo wakawalaumu pia wapinga utumwa kwa kuzidisha madhara yake. Tarehe ya pingamizi ni Machi 3, siku tatu baada ya Springfield kushinda. Mimi ni mtu mzima, najua kwa nini mtu husubiri siku kama hizo. Simlaumu sana, wala simsifu sana.

Illinois haikuwa jimbo la watumwa, lakini tangu 1819 mtu Mweusi alitakiwa kutembea na cheti cha uhuru. Mwaka 1829 wakaongeza dhamana ya dola 1,000 kwa anayehamia. Mwaka 1853 wakafunga mlango kabisa: Mweusi akiingia kuishi anatozwa faini, akishindwa kulipa nguvu zake zinanadiwa. Sheria hizo zilifutwa Februari 1865. Miongoni mwa waliozing'oa ni fundi cherehani wa Chicago, John Jones, mtu Mweusi asiye na hata haki ya kupiga kura. Mwaka 1864 aliandika kijitabu kidogo chenye sheria zenyewe na sababu za kuzifuta, akaenda Springfield kuwabana wabunge. Hakupeleka mambo 14.

Basi ushauri wangu. Katika orodha yenu, namba 9 inasema zebra ichorwe kwenye barabara ya jimbo, pale wazee na watoto wanapovukia kwenda kanisani na msikitini. Chukueni hiyo. Hilo ndilo daraja letu la Salt Creek. Ukurasa mmoja tu: barabara namba gani, magari yanakuja kwa kasi gani, nani kagongwa na lini, picha mbili, majina ya wanaoomba. Mbunge wetu ana kura yake moja. Mwulizeni ni nani mwingine anahitaji kitu cha aina hii upande wa pili wa wilaya yake, kisha nendeni mkawatafute watu hao, muwasaidie na lao. Mengine 13 yawekeni kwenye bahasha, msiyatupe. Lile la namba 3 hata mimi silielewi, na nyie mlioliandika msinijibu kwa hasira.

Jingine ni saa. Desemba 1840 bunge, likiwa limekwisha hamia Springfield, lilikutana kanisani kwa kuwa jengo jipya halijakamilika. Chama cha Lincoln kilitaka kuvunja akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa wawepo, ili kikao kisifungwe. Mlango ukazuiwa, naye na wenzake wawili wakaruka dirishani. Kumbe walikuwa wameshahesabiwa, wakaruka bure, na wapinzani wakachekelea kwamba jengo jipya liongezwe ghorofa ya tatu ili Bwana Lincoln asiweze kuruka. Siku hizi mabaraza yote mawili yanakaa ghorofa ya tatu, mtajionea. Sasa nawaambia: kikao huweza kuahirishwa mkiwa njiani. Pigeni simu ofisini siku ya kuamkia safari, kisha pigeni tena asubuhi mkiwa ndani ya basi.

Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, saa zetu za Kiswahili. Kina mama wametuahidi chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa mbili kubwa. Nami nakuja, nitakaa kiti cha nyuma ya dereva, na nitajitahidi nisimwelekeze njia.

Mzee wenu,
dereva mstaafu