Malalamiko: mmeninyonyolea kaktasi yangu

Kwa Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima ila mkiona napandisha mnivumilie, tangu Jumamosi sijalala vizuri.

Vyungu vitatu vya kaktasi, ile mimea ya miiba, niliwaachia mnitunzie nikiwa safarini Dar, risiti ya elfu arobaini na tano ninayo, na kila chungu nilikibandika karatasi USIMWAGILIE kwa herufi kubwa.

Sasa Jumamosi nimeshuka tu kwenye basi nikaja moja kwa moja, namuuliza kijana wenu yuko wapi mzee wangu, ile Oreocereus yenye manyoya meupe kama ndevu za babu, ananiletea kitu cha kijani kiko uchi, tena anatabasamu, "mama ilikuwa na ukungu, nimekusafishia". Ukungu! Ile ndo nguo yake jamani, kwao ni milima ya Andes, Bolivia na Argentina huko, juu ya mita 3,000, mchana jua linababua usiku barafu, bila yale manyoya inaungua. Nimeiotesha kwa mbegu mwaka 2016 na mpaka leo haijazidi kiganja.

Halafu maji. Mwezi wa sita, Njombe, baridi hii! Kaktasi za milimani kipindi cha baridi zinakaa kavu kabisa, mizizi imelala hainywi, ukimwaga maji yanatuama na inaoza. Ile Rebutia, kaktasi ya chungu cha pili, baridi kavu ndo inaileta kwenye maua, mwaka jana Septemba ilitoa 14 mekundu, juzi nimeigusa kidole kikazama kama kwenye parachichi bovu. Na nilipiga simu nikiwa Dar, tena siku ya pili tu, dada wa mapokezi ananiambia usijali mama tunamwagilia kila asubuhi, nikamwambia ACHENI, akasema sawa.

Narudi kwa yule kijana maana sijamaliza naye. Kasimulia mwenyewe, alichukua kitambaa na maji ya sabuni ya unga akasugua juu mpaka chini, palipogoma akavuta kwa mkono, anavuta manyoya ya miaka yote hiyo kama ananyonyoa kuku, na mimi machozi yanaanza kunitoka wenzake wawili wanacheka, mmoja anasema "si miiba tu mama, mipungate imejaa barabarani".

Nilipoanza kuandika nilitaka hela yangu tu. Sasa hivi nataka hela, na fidia ya mimea, na huyo kijana pamoja na hao waliocheka waje kwangu waombe radhi wakiwa wamesimama. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Ikipita, Mahakama ya Mwanzo siyo mbali na kwangu, naenda na risiti, picha na yale makaratasi yangu ambayo hata hamkuyabandua, yamelowa tu pale pale kwenye vyungu.

Na chungu cha tatu, ile Lobivia, sijakabidhiwa mpaka leo. Iko wapi?

Mimi niliyekuwa mteja wenu,
Mama wa vyungu vitatu