Salamu za Pasaka Kutoka Kwenye Kochi

Ndugu, jamaa na marafiki, Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli.

Salamu hizi zilipaswa kuwafikia jana alfajiri, kabla simu zenu hazijajaa zile picha za mishumaa na maua ambazo kila mtu humtumia kila mtu. Zimechelewa, na sababu ni uvivu mtupu. Tangu Ijumaa Kuu jioni nimejilaza kwenye kochi ambalo hata si langu, na nikiondoa ibada, sijafanya jambo la maana. Lakini ninayo kinga. Pasaka ya Kanisa haiishi Jumatatu, inakwenda siku 50 hadi Pentekoste, ambayo mwaka huu wa 2026 ni tarehe 24 Mei. Bado niko ndani ya muda.

Basi nawatakia Pasaka njema, yenye amani, afya na baraka tele. Walio safarini Mungu awafikishe salama. Wagonjwa wapate nafuu, wafiwa wapate faraja, wanaotafuta kazi wafunguliwe milango. Mmenisikia nikiyasema haya kila mwaka, na mwaka huu nayarudia kama yalivyo, kwa kuwa sina mengine mazuri zaidi.

Umekuwa mwaka mgumu, tusidanganyane. Kwaresima ya siku 40 ilitukuta wengine tulishafunga zamani bila kuambiwa. Mafuta ya kupikia, sukari, unga, nauli, karo: hakuna kilichobaki pale tulipokiacha. Na kile ambacho bei yake haikupanda, kipime mkononi. Pakiti ina sura ileile na rangi zilezile, ila uzito umepungua kimyakimya. Mtu anarudi dukani akijiona mzembe wa matumizi, kumbe amenunua vilevile vya mwaka jana.

Wanaonifahamu wanajua kwamba kila Pasaka tunakutana watu watano kwa mwenzetu mwenye sebule kubwa, tunazima kengele za simu, tunaangalia filamu hadi macho yanauma. Mwaka huu tulikuwa wanne. Profesa wetu, tulivyokuwa tukimwita ingawa hajawahi kufundisha popote, tulimzika Novemba.

Pasaka iliyopita, tarehe 20 Aprili 2025, alikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu Wakristo wa Magharibi na wa Mashariki walisherehekea siku moja. Alijisifu kana kwamba yeye ndiye aliyewapatanisha. Akatueleza tena, kwa mara ya mia, kwamba Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, ndiyo maana haiwezi kutangulia 22 Machi wala kuvuka 25 Aprili, na kwamba Waorthodoksi wanahesabu kwa kalenda ya zamani ya Julius. Mwaka huu tumeachana tena: sisi jana, wao tarehe 12. Alhamisi Kuu usiku nilitoka nje nikaukuta mwezi umejaa, nikatazama kando kuona kama yupo mtu atakayeanza mhadhara.

Jumamosi tulikwenda madukani, kama desturi yetu. Profesa hakuwahi kushika toroli. Alikuwa akisema toroli ilibuniwa Marekani mwaka 1937 na mwenye duka mmoja, Sylvan Goldman, aliyeona wateja wakiacha kununua kikapu kinapokuwa kizito. "Mkono ukichoka," alisema, "umeshanunua vya kutosha." Kwa hiyo tulikuwa tukizunguka naye na vikapu, mabega yakiegemea upande mmoja, tukimlaani. Safari hii hakukuwa na wa kutuzuia. Tukachukua toroli kubwa, tukaisukuma duka zima, tukageuza bidhaa kutazama bei na kuzirudisha rafuni, tukafika kwa mhudumu wa malipo na vitu ambavyo vingeenea kwenye kikapu kimoja. Tulicheka sana. Mmoja wetu alicheka mpaka akatoka nje, na tulimwacha akae huko muda aliohitaji.

Usiku huo tuliangalia filamu ya tatu katika orodha aliyotuachia kwenye kundi letu la simu. Aliiandika akiwa mzima, bila kujua kwamba anaandika wosia. Kasoro ilikuwa moja: filamu ilikwenda kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimamishwa. Zamani ilikuwa lazima isimame, atueleze kwamba hakuna kinachotembea pale, ni picha 24 zilizotulia katika kila sekunde na macho yetu ndiyo yanayojidanganya. Kisha angesinzia katikati, aamke dakika kumi za mwisho, na atusimulie hadithi yote kama aliyeiona.

Alipenda kutukumbusha jinsi sinema ilivyoanza. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, walionyesha Paris filamu fupi kumi kwa watu waliolipa kiingilio, kila moja isiyofika hata dakika. Ya kwanza ilionyesha nini? Wafanyakazi wakitoka kiwandani. Basi. Lango linafunguliwa, watu wanatoka, wanakwenda zao. Profesa aliona humo ushahidi kamili kwamba sinema ilizaliwa pale kazi inapokwisha, na mtu asione haya kujinyoosha kochini siku nne.

Nimeyatafakari hayo kwa sababu ya Jumamosi Kuu yenyewe. Ijumaa ina msalaba, Jumapili ina kaburi tupu, na Jumamosi hatuisemei sana. Lakini Luka anatuambia kwamba wale wanawake waliofuata mazishi walitayarisha manukato na marhamu, halafu sabato ilipoingia wakapumzika kama ilivyoamriwa. Wana msiba wa jana, wana kazi ya kesho kaburini, wanapumzika. Sikuwahi kukiona kifungu hicho mpaka mwaka huu. Nilikuwa nikidhani uvivu wetu wa Jumamosi ni kuiba siku ya Mungu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pumzikeni, na mwapumzishe wengine. Hili nalisema kwa uzito. Ile amri ya sabato haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mtumwa, mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Na Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema mapumziko na likizo yenye malipo ni haki ya kila mtu. Sasa jiulize: dada anayekusaidia nyumbani, Pasaka hii amelala saa ngapi? Mlinzi wako amesalimiwa, au amepigiwa honi tu afungue geti? Yule binti wa malipo aliyetuhudumia Jumamosi alikuwa amesimama tangu asubuhi, na nyuma yetu mteja mmoja alimfokea kwa sababu ya chenji. Ameadhimisha ufufuko wa nani, mteja yule? Tunaimba aleluya huku tumewasimamisha wenzetu jikoni! Wala usikope ili sebule ipendeze machoni pa wageni. Deni la sikukuu ni mgeni asiyeaga, na mwezi ujao kodi na karo zitabisha hodi bila kuuliza ulikula nini. Tubuni, mkae na watu wenu, mle kilichopo, mpeane...

Naona nimeshapanda mimbarini, na kanzu sina. Mtanisamehe.

Nafunga kwa yaleyale: Pasaka njema kwenu na kwa wote wa nyumbani mwenu. Mungu atujalie uzima tuione nyingine. Walionitumia salamu nikakaa kimya, nimezipata zote, na nitajibu moja moja nikishainuka hapa.

Kwa wale watatu wa kochini: filamu ya nne kwenye orodha ni Jumapili ya Pentekoste, mahali ni palepale. Atakayesinzia asiamshwe.